Ndege yenye maboya ya kandambili, na meli iliyojificha Rufiji

Najua nimepotea kidogo, na baadhi yenu mlishaanza kusema nimezama kwenye mitihani. Hapana. Nilikuwa najenga ndege.

Msicheke. Ni ndege ndogo ya mbao, njiti na karatasi, ila ni ndege kamili. Wale mnaokaa na mimi Mabibo mliniona wiki kadhaa nikipita korido na ufagio wa chelewa, wembe, na kandambili moja isiyo na mwenzake. Mwenzangu wa chumbani akaniuliza, "Mwanangu, wewe unasomea ualimu au useremala?" Nikamwambia nasomea ualimu wa historia, na hii ndiyo zana yangu ya kufundishia kidato cha tatu, mada ya Vita Kuu ya Kwanza. Akasema, "Si uchore tu ramani kwenye manila kama wenzako?"

Leo namjibu yeye na ninyi wote kwa pamoja. Kuna mambo ya vita ile ambayo ramani haiwezi kukuonyesha, na mimi mwenyewe sikuyaelewa mpaka mikono yangu ilipojaa gundi.

Turudi nyuma kidogo.

Meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilishushwa majini mwaka 1905, mwaka ule ule vita ya Majimaji ilipoanza kule Umatumbi. Iliingia bandari ya Dar es Salaam Juni 1914, ikiwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5, nahodha wake akiitwa Max Looff. Vita iliponukia ikaondoka tarehe 31 Julai. Tarehe 6 Agosti ikaikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Oman, ikiwa na shehena ya chai. Halafu Jumapili asubuhi, tarehe 20 Septemba 1914, ikatokea Unguja ghafla, ikaikuta meli ya kivita ya Kiingereza, Pegasus, imetia nanga kwa matengenezo. Ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yapo kisiwa cha Chapwani mpaka leo.

Baada ya hapo mitambo ya Königsberg yenyewe ikaleta matatizo, nayo ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Vipuri vilivyoharibika vikashushwa na kuvutwa kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Waliovuta ni Waafrika. Shikeni hapo, nitaparudia.

Waingereza waligundua ilipo tarehe 30 Oktoba 1914. Tatizo ni kwamba kujua ilipo na kuifikia ni vitu viwili tofauti. Aliyewahi kufika Rufiji anajua delta ile ilivyo: mikono ya mto imeachana kama vidole, katikati yake ni mikoko, ile ile iliyokuwa ikikatwa boriti za kujengea nyumba za Unguja na Arabuni. Meli kubwa za Kiingereza zilikuwa zinazama sana majini, zingekwama kwenye mafungu ya mchanga. Na Wajerumani walikuwa wamejichimbia kando ya mto na bunduki na mizinga midogo, wakisubiri.

Kwa hiyo Waingereza wakakaa nje baharini na mizinga yao mikubwa, wasiweze kufanya kitu. Unapigaje kitu usichokiona? Hapo ndipo ndege inapoingia kwenye hii hadithi. Mimi siku zote nilidhani ndege za vita kazi yake ni kudondosha mabomu. Kumbe ndege za Rufiji zililetwa hasa kuwa macho.

Wa kwanza kuletwa alikuwa rubani wa kiraia, Cutler, na ndege zake za Curtiss kutoka Afrika Kusini. Hizi zilikuwa mashua zenye mabawa, yaani kiwiliwili chenyewe ndicho kinachokaa juu ya maji. Alirukia kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, Novemba 1914. Joto likaishinda rejeta ya ndege yake. Mnajua walifanyaje? Walikwenda Mombasa wakachukua rejeta ya gari la Ford, wakaifunga kwenye ndege! Mafundi wetu wa gereji wangejisikia nyumbani kabisa. Na kweli Cutler akaiona Königsberg. Lakini Desemba injini ikamtupa majini ndani ya delta, Wajerumani wakamkamata.

Februari 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith, pamoja na marubani wa jeshi la majini wakiongozwa na John Cull. Hizi hazikuwa mashua. Zilikuwa ndege zenye maboya badala ya magurudumu. Zikashindwa. Zilikimbia juu ya maji, zikakimbia tena, hazipandi na mzigo. Joto na unyevu vikalegeza gundi yake. Mwezi Aprili zikaletwa nyingine tatu, Short Folder, na hii ndiyo ndege niliyoijenga mimi.

Nilichagua kipimo cha 1 kwa 48. Yaani kila sentimita moja ya modeli yangu ni sentimita 48 za ndege halisi. Nilianza na mabawa. Short Folder ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, na ukiyapima kutoka ncha hadi ncha kwenye modeli yangu yanapita rula ya sentimita 30. Mbavu zake nilizikata kwenye njiti za chelewa kwa sababu ni nyepesi na zinapinda bila kukatika. Juu yake nikabandika karatasi ya kishada, nikaipaka gundi ya mbao iliyopunguzwa na maji. Ikikauka inavutika, inakuwa kama ngozi ya ngoma. Ndege halisi nayo ilikuwa hivyo hivyo: fremu ya mbao, kitambaa juu, kisha dawa ya kukikaza.

Kati ya bawa la juu na la chini kuna nguzo, na kati ya nguzo kuna nyaya nyingi. Nilitumia uzi wa nailoni. Wadau, hapa ndipo nilipojifunza somo la kwanza. Ukiegemeza nguzo bila uzi, bawa linayumba kama meza ya mgahawa. Ukikaza uzi mmoja baada ya mwingine, ghafla kitu kizima kinakuwa kigumu na bado chepesi. Ile ndege ilikuwa inashikwa na mvutano. Kwa hiyo mbao ikivimba kidogo, au kitambaa kikilegea kidogo, kila kitu kinaharibika kwa pamoja.

Na kulegea kulikuja. Nilimaliza mabawa masika yalipoanza. Asubuhi moja nikaamka, mvua imenyesha usiku kucha, karatasi yote iliyokuwa imekaza kama ngoma imelegea, ina mikunjo kama shati lililolaliwa. Jua lilipotoka ikakaza tena. Kesho yake ikalegea. Nikaangalia tarehe zangu za historia: Short Folder zilifika eneo la Rufiji Aprili 1915. Aprili! Katikati ya masika! Zilikuja ndege za mbao, kitambaa na gundi, zilizojengwa Uingereza, zikalala nje kisiwani kwenye mvua na jua la pwani yetu. Vitabu vinasema kwa ufupi kwamba hali ya hewa iliwapa Waingereza shida. Chumbani kwangu Mabibo niliiona shida hiyo kwa macho.

Jina Folder linatokana na kukunja. Ndugu wa Short walibuni mabawa yanayokunjwa kuelekea nyuma, kama kuku anavyokunja mabawa yake akilala, ili ndege iweze kukaa ndani ya meli bila kula nafasi. Niliweka bawaba za pini, na modeli yangu inakunja kweli. Wanafunzi waliipenda hiyo kuliko kitu chochote.

Injini yake ilikuwa Gnome ya nguvu za farasi 160, yenye silinda 14 zilizopangwa duara. Mimi nilitumia kifungo cha koti na vipande 14 vya njiti za kiberiti. Sasa ajabu ya injini hizi ni kwamba silinda zenyewe ndizo zinazozunguka pamoja na panga la mbele. Injini nzima inazunguka! Na ililainishwa kwa mafuta ya mbarika, yale yale ya kunywesha watoto tumbo likikataa kufanya kazi.

Mwisho nikaweka maboya. Mawili makubwa mbele chini ya tumbo, moja dogo chini ya mkia, na madogo chini ya ncha za mabawa ili isilale upande. Mkitaka kuelewa, fikirieni ngalawa na zile mbao zake za pembeni. Niliyachonga kwenye soli ya kandambili, kwa sababu inaelea na inachongeka kwa wembe. Nikaiweka ndege kwenye beseni. Ikaelea vizuri kabisa, imekaa kama bata.

Lakini nilikuwa nimeishika mkononi kabla na baada ya kuweka maboya, na tofauti niliisikia mara moja. Pua ilikuwa nzito, na nikiipeperusha hewani maboya yanakamata upepo. Hilo ndilo somo la pili. Kitu kinachoiwezesha ndege kukaa majini ndicho kinachoizuia kupaa. Ongeza na joto. Hewa ya nyuzi 30 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa karibu asilimia 5. Asilimia 5 inaonekana ndogo mpaka ufikirie kwamba bawa linapungukiwa na hewa ya kuegemea, na injini inapungukiwa na hewa ya kuvuta, vyote kwa wakati mmoja, huku ndege bado inapigana na maji yanayoshika maboya yake. Ndege iliyofanya kazi vizuri kwenye baridi ya Uingereza, hapa kwetu ilipanda mita mia chache tu. Na chini kuna watu wenye bunduki.

Hata hivyo ilipanda. Tarehe 25 Aprili 1915 Cull alipita juu ya Königsberg na picha za meli ile zikapigwa kutoka hewani. Sasa Waingereza walikuwa wameiona. Wakati huo huo mwindaji mmoja kutoka Afrika Kusini, Pretorius, akisaidiwa na wenyeji, alikuwa anapenya delta kwa miguu na mitumbwi kupima kina cha maji. Macho ya juu na macho ya chini.

Wakati huo Mafia ilikuwa mikononi mwa Waingereza, tangu Januari 1915. Wakasafisha uwanja kisiwani, na Juni zikaletwa ndege za magurudumu, Caudron na Henri Farman. Yaani mwishowe wakaachana na maboya. Zikaletwa pia meli mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, zilizojengwa kwanza kwa ajili ya Brazil kwenda kwenye mito yake. Tarehe 6 Julai 1915 wakajaribu. Walifyatua mamia ya makombora na meli haikufa. Tarehe 11 Julai wakarudi. Cull alikuwa anarusha Farman, na mwenzake, Arnold, anatuma kwa redio maelekezo ya wapi kila kombora limeangukia. Ndege yao ikapigwa, injini ikazima. Wakati inashuka taratibu Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Lakini Severn ilikuwa imeshapata shabaha. Königsberg ikawaka moto, na Looff akaamuru meli yake ilipuliwe na kuzamishwa.

Kwa hiyo wadau, meli iliyowasumbua Waingereza miezi 8 ilishindwa siku mizinga ilipopata macho. Nilipofika hapa niliridhika. Nikasema zana yangu imekamilika, naenda kufundisha.

Nikaingia darasani, kidato cha tatu, wanafunzi wamebanana watatu watatu kwenye dawati. Nikaonyesha ndege, nikakunja mabawa, nikaielezea beseni ikiwa mezani. Darasa limechangamka. Halafu binti mmoja wa nyuma kabisa, asiyeongea sana, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hao waliokuwa juu waliiona meli. Na watu wa vijijini waliwaona?"

Jamani. Miaka yote hii nakariri sababu za vita na matokeo ya vita, hakuna mtihani ulioniuliza hivyo.

Nilimjibu kwa yale ninayoyajua, na nawaandikia na ninyi. Ndege ilitafuta mabomba ya moshi na mizinga. Chini ya mikoko walikuwepo watu ambao miaka isiyofika 10 nyuma walikuwa wameshuhudia Majimaji na njaa iliyofuata. Wakati wa vita hii walivuta vipuri vya meli kwenda Dar es Salaam na kurudi. Meli ilipozama, mizinga yake yote 10 ilitolewa kwenye matope, ikavutwa nchi kavu, ikaendelea kupigana chini ya Lettow-Vorbeck. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, watu wanapiga nao picha. Mzinga wa chuma hautembei wenyewe kutoka Rufiji. Kuna mabega yaliyouvuta, na picha ya Cull haina bega hata moja.

Na hao ni wa delta tu. Ukichukua vita nzima ya Afrika Mashariki mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Novemba 1918, wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake ni zaidi ya 90,000, wengi kwa magonjwa na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Litamkeni hilo jina haraka haraka kama babu zetu walivyolitamka. Kariakoo! Uzi wangu wa nailoni nilinunua Kariakoo. Karatasi ya kishada, Kariakoo. Bumu lilipoingia, gundi na msasa, Kariakoo. Tunapita pale kila siku tunabanana na mikokoteni, wachukuzi wanapiga kelele "Pisha, mzigo!", na sehemu yenyewe imebeba jina la watu waliobeba mizigo mpaka wakafa.

Halafu nendeni pale kwenye Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Anayesimama ni askari na bunduki yake. Mpagazi ametajwa kwenye maandishi tu. Nairobi walau wamemchonga, yupo pamoja na askari.

Sisemi haya ili tuache kusoma kuhusu ndege na meli. Mimi ndege yangu naipenda, ipo juu ya kabati na mabawa yake yamekunjwa, na masika yakija italegea tena. Bila hiyo ndege yule binti asingeuliza alichouliza. Ukimwambia mtoto "ndege za Waingereza zilifanya upelelezi Rufiji" anaandika, anadesa, anasahau. Ukimpa ndege mkononi anainyanyua juu ya beseni, anafunga jicho moja, anaangalia chini kama rubani. Na akishaangalia chini, lazima ajiulize nani yupo huko. Zana nzuri ya kufundishia humfikisha mwanafunzi kwenye swali ambalo mwalimu hakuja nalo.

Basi nina ombi kwenu. Wenzangu mnaokwenda TP upande wa Kibiti, Nyamisati, Mbwera au Mafia, msiende na notisi tu. Waulizeni wazee. Najua waliokuwepo 1915 wameshatangulia wote, lakini hadithi hurithishwa, na kuna familia ambazo babu wa babu alikata miti ya ule uwanja wa Mafia au alivuta mzinga kwa kamba. Andikeni majina. Marubani tunawajua kwa majina, nahodha tunamjua, hata rejeta ya Ford tunajua ilitoka Mombasa. Tafuteni jina la mtu mmoja tu aliyevuta kamba. Mkilipata, nami nitawajengea modeli ya ule mzinga na watu wake wote, kila mmoja na kamba begani. Chelewa bado ninazo.